Kampuni ilishakufa, gari bado ipo: maswali yenu kuhusu kadi, bima na ushuru

Safari hii maswali yaliyoingia yameelemea upande mmoja, watu wana magari ambayo kampuni zake hazipo tena, Saab, Rover, Daewoo, na kinachowasumbua sio fundi wala spea kama wengi mnavyodhani, ni makaratasi. Nimechagua yale ambayo jibu lake litamfaa na mwingine mwenye shida kama hiyo. Majina nimeyatoa nimeacha maeneo tu.

Kadi yangu imeandikwa SCANIA

*Habari za kazi kaka. Mi nipo Tabata Segerea. Nilinunua Saab 9-3 ya 2006 kwa mtu, yeye ndo aliitoa bandarini akaitumia kidogo akaniuzia. Gari haina shida kabisa. Sasa nilivyoenda kukata bima kubwa yule dada wa bima akaniuliza mbona unataka bima ya gari binafsi wakati hili ni lori, nikashangaa, kuangalia kadi kumbe kwenye aina ya gari imeandikwa SCANIA, modeli 9-3. Wakati nakabidhiwa niliangalia namba ya gari na jina langu basi. Nimempigia aliyeniuzia anasema ejenti wake wa forodha ndo alijaza, na huyo ejenti simu hapokei. Trafiki nao washaniuliza. Je ni kosa? Na barua ya kiwanda ya kuthibitisha kwamba hii ni Saab nitaipata wapi wakati kiwanda kimefungwa?*

Pole sana kaka, na usiogope, hii inarekebishika. Tuanze na hiyo SCANIA imetokea wapi maana ukielewa utajua namna ya kujieleza dirishani. Saab na Scania kweli ziliwahi kuwa kampuni moja kule Sweden, ziliungana 1969 zikaitwa Saab-Scania, zikaachana 1995. Ila upande wa magari madogo ulishatoka mapema zaidi, 1990 General Motors ya Marekani ilinunua nusu, 2000 ikachukua yote, 2010 ikawauzia Spyker wa Uholanzi, na tarehe 19 Desemba 2011 Saab Automobile ikafilisika. Kwa hiyo gari yako ya 2006 imetoka kiwandani wakati hizo kampuni mbili hazina udugu wowote. Mtu akikwambia "si kampuni moja tu hiyo" mwambie iliwahi kuwa, ila sio kwa mwaka wa gari yako. Huyo ejenti nadhani alitafuta jina kwenye orodha akachagua lile analolijua, na Scania nani Dar haijui, mabasi ya mikoani na malori ya Zambia na Kongo yanapita barabara ya Mandela mchana na usiku.

Sasa swali lako la kosa. We hujadanganya mtu, umepokea kadi ikiwa hivyo, ila tangu siku ulipojua ni jukumu lako kurekebisha, na mimi sababu inayonitia hofu zaidi sio trafiki, ni bima. Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa maelezo unayotoa. Ukikata bima kubwa ya "Scania" gari binafsi, siku umegongwa pale Tabata Relini anakuja mtu wa kukadiria hasara, anasoma kadi, anasoma stika, anaangalia gari iliyolala barabarani, vitu vitatu havielewani, hapo malipo yako yanaanza kuzungushwa na kwa kweli watakuwa na pa kusimamia. Wale wenye bima ndogo msijione mmesalimika, huyo uliyemgonga na yeye anategemea hiyohiyo bima yako imlipe.

Barua ya kiwanda huihitaji. Watu wengi wanakwama hapa, wanaamini bila barua ya kampuni hakuna kitu kinaenda, kwa sababu wenye Toyota au Nissan wamezoea kwamba wakala mkuu yupo mjini na akiombwa anaandika. Saab haina mtu wa namna hiyo hapa. Kule kwao imebaki Orio, ndo waliorithi biashara ya vipuri halisi vya Saab, wapo mji wa Nyköping, hao ni wa spea. Shahidi wako ni chesisi namba.

Fanya hivi, chukua tochi na simu. Chesisi namba ya gari za Ulaya mara nyingi inasomeka chini ya kioo cha mbele ukisimama nje ya gari, na ipo tena kwenye kibati cha bodi. Ina tarakimu na herufi 17. Ya kwako itaanza na YS3, hiyo YS ni Sweden na hizo tatu kwa pamoja ni Saab. Alama ya 10 kwa Saab ni mwaka wa modeli, ya 2006 inakuwa 6. Piga picha inayosomeka vizuri, alafu kaa chini ulinganishe na kadi alama moja baada ya nyingine, usiiangalie kwa ujumla ukasema ipo sawa. Na jua hili: kwenye chesisi namba ya alama 17 hakuna herufi I, hakuna O, hakuna Q, ziliachwa makusudi zisichanganywe na 1 na 0. Kwa hiyo ukiona kwenye kadi kuna O hapo ujue aliyechapa amekosea, ilitakiwa sifuri, na hilo nalo litarekebishwa kwa ombi hilohilo, usiende mara mbili.

Cha pili ni faili la kuingizia gari nchini. Namaanisha cheti cha kusafirisha gari kutoka ilikotoka pamoja na tafsiri yake kama kimeandikwa Kijapani, hati ya meli, ile hati ya forodha inayoitwa TANSAD, na risiti za malipo ya ushuru. Humo ndani pengine pameandikwa Saab vizuri kabisa na kosa limeingia mwishoni kwenye usajili, au kosa limeanzia kwenye TANSAD yenyewe, na hizo ni njia mbili tofauti maana kosa la TANSAD lazima forodha wenyewe waliguse kwanza. Kwa hiyo usikimbilie kuandika barua kabla hujajua kosa limeanzia wapi. Mtafute aliyekuuzia, tena kwa upole, yeye ndo mwagizaji, jina lake lipo kwenye hati zote. Kama amezipoteza msikate tamaa, taarifa za forodha zipo kwenye sistimu na gari inatafutika kwa chesisi namba.

Ukishakuwa navyo unaandika barua ya kuomba marekebisho ya taarifa za gari, unaipeleka TRA kwenye mkoa wako wa kodi, na kwako Tabata ni Ilala, pamoja na kadi orijino, kopi ya kitambulisho cha NIDA, TIN yako, picha za chesisi na hilo faili. Jiandae kuambiwa gari ikakaguliwe na polisi ili walinganishe namba, usilione kama usumbufu, ile ripoti ya ukaguzi ndo inasimama badala ya barua ya kiwanda uliyokuwa unaihangaikia. Malipo yoyote yanatolewa kontroo namba. Akikuambia mtu mpe yeye mkononi atakusaidia ndani, huyo ni kishoka, achana naye, kwa sababu hata kadi ikitoka utakuwa huna karatasi ya kuonyesha imebadilishwa kwa msingi gani, na mnunuzi wa baadae atakuuliza.

Bima kata baada ya kadi mpya. Kama unaendesha sasa hivi na huwezi kusubiri, nenda na picha za chesisi na kopi ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, waeleze kampuni ya bima kwa maandishi, wakubali kwa maandishi. Maneno ya kaunta hayatakusaidia.

Marehemu mume wangu na Rover

*Mwanangu habari za huko. Mimi ni mama, nakaa Kimara. Mume wangu alifariki, ameacha Rover 75 aliyokuja nayo kutoka Uingereza, anaipenda sana enzi zake. Watoto wanasema tuuze maana inaozea uani. Amekuja mnunuzi mzuri tu, lakini ameangalia akasema namba ya injini kwenye gari sio ya kwenye kadi. Fundi wa Ilala aliwahi kubadilisha injini ilipochemsha akaweka nyingine ya mtumba ya Rover hiyohiyo. Alafu bima ya mwisho wameandika Land Rover. Kijana mmoja ananiambia nimpe kadi na saini ya marehemu ipo kwenye karatasi za zamani, atamaliza yeye. Nifanyeje?*

Shikamoo mama, na pole sana kwa msiba, Mungu amlaze mahali pema mzee wetu.

Kwanza huyo kijana usimpe kadi. Naomba sana mama. Saini ya mtu aliyefariki ikionekana kwenye mkataba wa mauziano wa tarehe ya baada ya kifo, hiyo ni kughushi, na atakayeitwa polisi ni wewe mwenye kadi pamoja na huyo mnunuzi ambaye hana kosa. Mnunuzi aliyekataa kununua kiholela ni mtu mzuri, mng'ang'anie huyo, mwambie asubiri.

Kazi yako ina hatua tatu na mpangilio wake ni muhimu, mirathi, injini, mauzo. Watu wanaanza na injini kwa sababu ndo aliyoiona mnunuzi, lakini mama huwezi kuomba marekebisho kwenye kadi ya mtu mwingine kama huna mamlaka ya kisheria. Kwa hiyo anza na cheti cha kifo cha RITA, kikao cha familia na muhtasari wake unaomtaja msimamizi wa mirathi, alafu mahakamani. Kama mirathi inaenda kimila au kwa sheria ya Kiislamu ni Mahakama ya Mwanzo, kama mzee alikuwa Mkristo na maisha yenu yalikuwa hayaendeshwi kimila muulize wakili kwanza maana huenda ikaanzia mahakama ya juu yake, ni bora ulijue kabla ya kuanza kuliko kuanza upya. Tangazo likitoka na kipindi cha pingamizi kikiisha bila mtu kupinga, msimamizi anapewa barua ya usimamizi. Hiyo barua ndo ufunguo, kopi zake zitengeneze za kutosha na zithibitishwe, orijino usimwachie mtu.

Kwenye orodha ya mali utakayopeleka mahakamani andika gari kama ilivyo kwenye kadi, namba ya usajili na chesisi namba, na usiandike Land Rover kwa kufuata bima. Hapa nieleze kidogo kwa sababu hili kosa nimeliona kwa magari mengi ya hii familia. Rover na Land Rover zilikuwa nyumba moja, zikamilikiwa na BMW, mwaka 2000 BMW akazigawa, Land Rover akaiuza kwa Ford na baadae 2008 ikaenda kwa Tata wa India ambako ipo mpaka leo inafanya kazi. Rover ya magari madogo ikabaki peke yake kama MG Rover pale Longbridge, Birmingham, na Aprili 2005 ikaanguka. Kwa hiyo gari ya marehemu ni ya kampuni iliyokufa na Land Rover ni kampuni iliyo hai, ni vitu viwili. Chesisi namba ya Rover 75 inaanza na SAR, mwombe mmoja wa watoto aisome na kuipiga picha. Bima iliyoandikwa Land Rover kama imeisha muda wake iache, ya kukata upya ndo muandike ROVER 75.

Injini sasa. Kama injini iliyowekwa ni ya aina ileile na ukubwa uleule, hiyo ni nafuu kubwa, maana kitakachobadilika kwenye kadi ni namba ya injini peke yake. Zile Rover 75 za 1.8 zina cc 1796, na za V6 ya 2.5 ni 2497, angalia kadi inasema ngapi na fundi aweke kwa maandishi aliyoweka ni ipi. Zile 1.8 kuchemsha na kuunguza gasketi ya silinda hedi ni ugonjwa unaojulikana dunia nzima, kwa hiyo hata mkaguzi hatashangaa kwamba injini ilibadilishwa. Kinachotakiwa ni injini mpya isiwe haina kwao. Mrudieni fundi, mwambieni atoe risiti ya duka alilonunulia, hapo Gerezani au Shauri Moyo wauzaji wakubwa wana vitabu na wengi wanaingiza injini kwa hati za forodha. Risiti iandikwe namba ya injini, sio "injini 1 Rover" peke yake. Kama fundi hana risiti kabisa, basi polisi wakaikague na waandike hivyo, ni ndefu zaidi lakini ni bora kuliko kuuza gari yenye injini isiyo na maelezo.

Hatua ya mwisho nyepesi. Msimamizi wa mirathi anasaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili kama msimamizi, sio kama mmiliki, mnaambatanisha barua ya mahakama, TIN, vitambulisho na kadi orijino, uhamisho unafanyika TRA kwa jina la mnunuzi. Pesa ikiingia ni ya mirathi, iandikwe.

Na bei, mama. Wasikutishe kwamba Rover haina spea kwa hiyo ni ya kuuza kama chuma chakavu. Wachina walichukua ramani za hiyo 75, SAIC wakaitengeneza kwa jina la Roewe 750 kuanzia 2006, kwa hiyo vipo vipuri vinavyoingiliana. Mnunuzi anayejitambua analijua hilo. Ukimaliza karatasi kadi ikawa safi utauza kwa bei tofauti kabisa na anayokutajia huyo kijana.

Saab ya bei chee Japani

*Bro mambo. Nipo Mbezi Beach. Nimeona Saab 9-3 za 2008 Japani zinauzwa bei chee kuliko hata Vitz, yani nashindwa kuelewa kwa nini watu hawazinunui. Nikiagiza ushuru si utakuwa mdogo kwa sababu bei ni ndogo?*

Poa mdogo wangu. Nakujibu kwa hesabu maana naona hisia zimekupeleka mbele kidogo.

Bei uliyolipa sio lazima iwe ndo bei itakayotumika kukukadiria ushuru. TRA wana sistimu ya kukadiria magari ya mtumba, unaingiza aina, modeli, mwaka, ukubwa wa injini, inakupa thamani na kodi. Gari za kawaida zipo humo. Ukitafuta hiyo yako ukakuta modeli haipo au mwaka wako haupo, usidhani umepata mwanya, maana yake itakadiriwa na ofisa wa forodha kwa taratibu za Jumuiya ya Afrika Mashariki, anaangalia bei ya mauzo yenyewe kama ina ushahidi wa kutosha, asiporidhika anaenda kwenye gari zinazofanana nayo, na kuendelea. Hapo gari inakaa bandarini au bandari kavu inasubiri na gharama za kuitunza zinahesabika kila siku. Na gari nzuri ya Ulaya inayofanana na Saab 9-3 kwa ukubwa ni ipi, fikiria mwenyewe itafananishwa na nani.

Alafu umri. Saab ilifilisika 2011, kwa hiyo karibu kila Saab utakayoiona sokoni imeshapita miaka 10, na gari iliyopita miaka 10 inaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, hakuna Saab ya kukwepa hiyo. Tuchukue thamani iliyokubaliwa na forodha, ikiwa na usafiri na bima ya meli, ni shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni milioni 2.5, unafika 12.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1000 na 2000 ni asilimia 5, hiyo ni 625,000. Uchakavu asilimia 30 ni 3,750,000. Jumla umefika 16,875,000, weka VAT asilimia 18 ni 3,037,500. Kodi peke yake ni 9,912,500, yani karibu sawasawa na thamani ya gari, na hapo sijaweka tozo ya reli, ada za forodha, usajili na ejenti. Injini ya turbo ya 2.0 ina cc 1998, imeingia kwenye asilimia 5 kwa cc mbili tu. Ukivutiwa na ile ya V6 ya 2.8 unahamia asilimia 10. Kwa hiyo soma cc kwenye cheti cha Japani sio kwenye tangazo, muuzaji akiandika 2000 ni kawaida yao kuzungusha namba, lakini karatasi ikiandikwa vibaya utabishana na kompyuta.

Siku nyingine watu wanaponzwa na mwaka. Cheti cha Japani kinaonyesha mwezi gari iliposajiliwa mara ya kwanza, na gari ya Ulaya inaweza kutengenezwa mwaka mmoja ikasajiliwa Japani mwaka unaofuata. Kwa gari iliyoshapita miaka 10 kodi haibadiliki kwa hilo, lakini kadi yako ikiandikwa mwaka tofauti na unaosomeka kwenye chesisi, siku ya kuuza mnunuzi atakuuliza kwa nini. Dai kwa muuzaji uthibitisho wa mwaka wa kutengenezwa kabla hujalipa.

Mi sikukatazi. Saab ni gari imara na nzuri barabarani, na 9-3 imetumia msingi mmoja na Opel Vectra kwa hiyo vitu vya chini vingine vinapatikana. Ila pesa unayoona umeokoa Japani ihesabu kwamba imeshatumika Dar, na ukiwa huna akiba ya kulipia kodi kamili siku gari inashuka usiagize.

Nembo ni Chevrolet, kadi ni Daewoo

*Kaka nina Matiz, nyuma ina nembo ya Chevrolet, kadi inasema Daewoo. Trafiki wa Ubungo kasema nimebadilisha gari. Nimkubalie? (Msomaji, Makuburi)*

Hapana, usikubali kitu ambacho hujafanya, mweleze kwa heshima. Matiz ni gari ya Korea, Daewoo ilishindwa kulipa madeni, General Motors wakaichukua, na mwaka 2005 Ulaya wakaanza kuziuza hizohizo kwa jina la Chevrolet. Nembo inabanduliwa na kubandikwa, wengine walizibadili wenyewe. Kinachoamua ni chesisi namba, yako itaanza na KL ambayo ni Korea, ilingane na kadi. Ikilingana upo sawa, nembo sio usajili. Kama inakuletea maneno kila siku weka nembo inayoendana na kadi, ni jambo dogo.

Nimepoteza funguo na kadi pamoja

*Kaka shikamoo. Mi ni dada wa Kigamboni, nina Saab 9-3 ya 2007. Nimeibiwa mkoba kwenye pantoni, ndani kulikuwa na funguo ya gari na kadi orijino. Funguo ya pili sina. Nimepata muuzaji wa funguo Uingereza lakini anataka nimtumie kopi ya kadi na kitambulisho changu. Naogopa. Na kadi yenyewe ndo hiyo sina.*

Marahaba dada yangu, pole. Anza polisi leo hiihii, toa taarifa ya kuibiwa, utaje vitu vyote viwili na namba ya usajili, usiseme mkoba tu. Hiyo ripoti inakulinda kama mtu akitokea na kadi yako anataka kuuza gari, na ndo utakayoipeleka TRA kuomba kadi nyingine. Aliyekukatia bima ana kopi ya kadi yako karibu kwa hakika, nenda kachukue, ukiwa na kopi kazi ya TRA inakuwa fupi sana.

Huyo muuzaji kukuomba uthibitisho ni dalili nzuri, anayekuuzia funguo ya gari bila kuuliza gari ni ya nani mwogope zaidi. Subiri kadi mpya itoke, ipige kopi, juu yake andika kwa kalamu kukatisha katikati kwamba ni kwa ajili ya kununua funguo tu, weka tarehe na jina la muuzaji, namba ya NIDA ifunike tarakimu za katikati, atakachohitaji ni jina lako na chesisi namba.

Funguo ya Saab hiyo, ile inayochomekwa katikati ya viti, haiwaki kwa kuchongwa peke yake, lazima ifundishwe kwa gari kwa mashine inayoitwa Tech2, kwa hiyo kabla hujatuma hela tafuta kwanza fundi Dar mwenye hiyo mashine akubali kazi na akutajie bei. Na usinunue funguo iliyotolewa kwenye Saab nyingine hata ikiwa bei chini, ilishafundishwa gari yake. Agiza mpya, tena agiza mbili kwa pamoja, maana gharama ya fundi ni ileile. Wakati unasubiri gari iwekwe ndani ya geti, na betri mwambie fundi aitoe, kwa sababu aliyechukua mkoba ana kadi inayomwambia jina lako na funguo inayowasha.